Weka sindano chini kwanza (jibu kwa anayetaka kuingia utafiti wa saratani Kisumu)

Weka sindano chini. Sisemi wiki ijayo, nasema sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mleta uzi ni afisa wa kliniki Kisumu, amepata nafasi ya uzamili na anataka kuingia utafiti wa saratani. Ameuliza mambo manne: achukue limfoma ya Burkitt (saratani ya chembe za kinga inayowapata watoto, mara nyingi kwenye taya au tumbo) au saratani ya umio, yaani njia ya chakula, msimamizi awe mtu mwenye jina kubwa au aliye karibu, pesa zitakuwaje, na asome maisha ya watafiti gani wakubwa ili apate moyo. Maswali mazuri, na wengine wameshamjibu vizuri huko juu. Ila hakuna aliyeshtuka na sentensi yake ya mwisho, ile aliyoitupia tu kama mtu anayeaga: "kwa sasa nimeanza kukusanya damu na vipande vya uvimbe, mambo ya fomu na faili nitayapanga baadaye."

Mdogo wangu, hiyo baadaye naijua sura. Imenila uzamivu.

Nachukulia una kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na sahihi ya mzazi kwa kila mtoto. Kama huna, funga simu, kamwone mkuu wako, kwa sababu hapo hatuongei tena habari za taaluma, tunaongea habari za kesi. Kama unavyo, endelea kusoma, maana mimi nilikuwa na vibali vyote na bado nilizama.

Nilikuwa mtu wa maabara katika hospitali moja huko magharibi mwa Kenya, siitaji. Msimamizi wangu alikuwa profesa wa tai na projekta, mtu wa kusifika. Kila kikao alitupa hadithi zilezile. Burkitt alimwona mtoto mmoja kupitia dirishani, ugonjwa ukagunduliwa. Epstein alipokea chupa moja yenye ukungu, virusi vikapatikana. Na wimbo wake mwenyewe: sampuli ni dhahabu, karatasi ni kazi ya makarani. Niliuimba huo wimbo kwa moyo wote. Friza ikajaa. Nilikuwa nikiifungua tu kuitazama, kama mtu aliyenunua kochi jipya.

Sasa sikiliza nilivyokuwa nikiandika kwenye mirija: herufi za kwanza za jina, tarehe, basi. Wewe unafanya kazi Kisumu, sihitaji kukueleza. Mtoto aliyezaliwa usiku ni Atieno, wa asubuhi ni Akinyi, wa jua kali ni Achieng', na baba zao ni Otieno, Odhiambo, Ochieng', Omondi. Wadi moja, wiki moja, uvimbe wa taya uleule, na wote ni A.O. Akina nani hawa? Hata mama zao wangesita. Nyanya aliyemleta mtoto alitaja jina la nyumbani, kadi ya kliniki ilikuwa na jina la ubatizo, na faili la wadi lilikuwa na jina la mjomba aliyelipa nauli. Namba ya faili ya kliniki ya nje haikufanana na namba ya wadini, na mimi nilinakili ile iliyokuwa karibu na mkono wangu.

Hayo ya majina ungeweza kuyafungua kwa uvumilivu. Yaliyonimaliza ni mawili.

La kwanza, makazi. Kwenye sehemu ya makazi niliandika Kisumu, Kisumu, Kisumu. Kumbe mtoto amekuja juzi, analala kwa shangazi mtaani Nyalenda ili awe karibu na hospitali, lakini amekulia Siaya, au Budalang'i, au juu huko Nandi Hills. Kwa ugonjwa mwingine ungesema si neno. Kwa Burkitt hilo ndilo swali lenyewe! Ugonjwa huu unafuata malaria, na malaria inafuata joto na mvua. Mimi leo niko Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, nyie mko kama 1,100 kando ya ziwa, na tofauti hiyo inatosha kubadilisha hesabu yote. Nilikuwa na data ya ugonjwa wa mahali bila mahali.

La pili, ugonjwa wenyewe. Niliandika "Burkitt?" na alama ya kuuliza, nikijua majibu ya mwanapatholojia, yule anayepima vipande vya uvimbe, yatakuja. Yalikuja, kwenye faili jingine, kwa namba nyingine. Baadhi ya uvimbe wa tumbo niliouita Burkitt ulikuwa wa figo. Taya moja lilikuwa jipu la jino. Na huwezi kurudi kuchukua sampuli upya, maana uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo daktari hangoji mtafiti, anaanza kemo, dawa za saratani. Dawa ikikubali, shavu linarudi kawaida upesi ajabu, mtoto anaomba soda, familia inakwenda nyumbani. Namba ya simu uliyoachiwa ni ya mwenye boda boda, naye amebadilisha laini. Na hata sampuli uliyo nayo, ilichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza au baada? Mimi sikuwa nimeandika. Wewe umeandika?

Mtaalamu wa takwimu alifungua Eksel yangu, akashuka nayo, akapanda nayo, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama mgonjwa wa mstari wa 41 ni msichana au mvulana. Nikamwambia mrija upo, tunaweza kupima kromosomu. Hakucheka.

Mirija ikaenda kuchomwa. Muda wa ufadhili ukaisha. Profesa, yule wa makarani, aliniambia mbele ya watu kwamba ningepaswa kujua, na muhula uliofuata alikuwa na mwanafunzi mwingine na wimbo uleule. Sitasema zaidi, admini wa hapa ana kidole chepesi. Ila kuna nyanya mmoja ambaye bado sijamlipa deni. Alimshikilia mjukuu wake nikitoa damu, akampangusa machozi kwa ncha ya leso, akaniuliza majibu yatarudi lini. Nikamwambia yatarudi. Damu hiyo haikujibu swali la mtu yeyote.

Sasa turudi kwa hao wakubwa unaotaka kusoma maisha yao, kwa sababu hadithi za profesa zilikuwa kweli nusu, na nusu aliyoificha ndiyo yenye kazi.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, mwenye jicho moja, jingine alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa watoto, alimwita amtazame mvulana mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Muda si mrefu akiwa Jinja akamwona mtoto wa pili kupitia dirishani. Hapo ndipo profesa wangu alipokuwa akikata mkanda. Kilichofuata? Burkitt alikwenda kwenye mafaili. Akafukua kumbukumbu za watoto wenye saratani pale Mulago na kukuta uvimbe wa taya na wa tumbo ukija pamoja mara kwa mara. Mafaili hayo yalikuwepo kwa sababu Kampala ilikuwa na rejista ya saratani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na akina Jack Davies na Gregory O'Conor wa patholojia walikuwa wakiandika kila uvimbe uliopita mezani kwao. Bila hao makarani, ndiyo, makarani, mtoto wa dirishani angebaki mtoto wa dirishani.

Kisha akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za Afrika nzima akiuliza swali moja la kijinga: mnauona ugonjwa huu, na wapi? Majibu yalipofika akachoma pini kwenye ramani. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda Ford iliyotumika wakaenda kusini mpaka Afrika Kusini na kurudi, wiki 10, kama maili 10,000, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza mtoto anatoka wapi. Hawakuuliza amelazwa wapi. Ramani ikaonyesha mshipi wa ugonjwa unaokatika penye baridi na penye ukame, na hivyo ndivyo malaria ilivyoingia kwenye hesabu. Huyo Ted Williams, kule hospitali ya misheni ya Kuluva, West Nile, Uganda, aliweka rejista safi kiasi kwamba baadaye iliwezekana kuona watoto walivyougua kwa mafungu, kijiji hiki mwaka huu, kile mwaka ule. Kipaji cha huyo mzee kilikuwa daftari. Hakuna anayetengeneza slaidi juu yake. (Burkitt mwenyewe baadaye alirudi Uingereza akageuka mhubiri wa unga usiokobolewa, akionyesha slaidi za picha za vinyesi kwenye mihadhara. Mtu akikuambia utafiti ni kazi ya heshima, mkumbushe hilo.)

Na ile chupa yenye ukungu? Machi 1961 Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubu Middlesex Hospital, London, akaanza kuletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege ikazuiwa na ukungu ikatua Manchester, kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka. Mtu angetupa akidhani ni bakteria. Epstein akatazama kwa hadubini, akakuta seli hai zinaelea. Yvonne Barr ndiye aliyekuwa akishughulikia ukuzaji wa seli, Bert Achong wa Trinidad alikuwa kwenye hadubini ya elektroni, na 1964 wote watatu wakatangaza katika jarida la tiba la Lancet virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Ndiyo, bahati ilikuwepo. Lakini kipande kilijulikana ni cha ugonjwa gani na kimetoka wapi. Kingekuwa kimeandikwa A.O., wangegundua virusi vya nani?

Mpaka leo maabara duniani zinaagiza seli zinazoitwa Daudi, zilizoanza kukuzwa 1967 kutoka kwa mvulana wa Kiafrika wa miaka 16 mwenye Burkitt. Inauma kwamba jina ndilo karibu kila kitu kilichobaki kwake. Lakini angalau jina, umri na ugonjwa viliandikwa. Mirija yako hapo Kisumu huenda haina hata hayo matatu.

Kwa hiyo sharti langu ni moja: daftari kabla ya sindano. Daftari gumu lenye kurasa zenye namba, sitaki karatasi za kuokota. Kila mtoto apewe namba ya utafiti kwenye lebo iliyochapwa, ya aina inayostahimili nyuzi 80 chini ya sifuri, maana kalamu ya kawaida inafutika na plasta inabanduka. Majina matatu, na la mlezi. Namba zote mbili za faili. Alipoishi mwaka mzima kabla ya kuugua, mpaka kata ndogo na shule ya jirani. Nani amethibitisha ugonjwa, kwa njia gani, tarehe gani. Kemo ya kwanza lini, sampuli lini. Kipimo cha malaria. Simu mbili, moja ya mtu asiye na boda. Mstari ukiwa na pengo, sindano haitoki kwenye pakiti, hata profesa akisimama mlangoni na tai yake.

Hayo mengine, haraka. Burkitt au umio, chagua ile ambayo hospitali yako ina mwanapatholojia wa kuithibitisha. Msimamizi, mwombe akuonyeshe rejista moja aliyoisimamia mwenyewe. Akikuonyesha slaidi, kimbia. Pesa, hapo sina la kukupa moyo. Peyton Rous alitangaza mwaka 1911 kwamba uvimbe wa kuku unaweza kuambukizwa, akapewa Nobel 1966, na mwenye nyumba wangu wa Kondele hakuwa na subira ya miaka 55. Yvonne Barr, ambaye jina lake liko kwenye virusi vyenyewe, alihamia Australia akaishia kufundisha shuleni. Usijiuzulu, omba likizo ya masomo. La nne, la maisha ya wakubwa, nimeshalijibu hapo juu.

Fomu yako ibandike hapa hapa uzini bila majina ya wagonjwa, nitaipitia jioni nikitoka kazini. Na hiyo mirija uliyokwisha kukusanya, leo kabla zamu haijaisha rudi wadini na daftari, anza na watoto ambao bado wako vitandani.