Tangsteni inaharibika kabla hata haijayeyuka
Mkuu uliyeuliza mbona ukuta wa mtambo wa fyusheni (kuunganisha viini vya atomu kupata nishati) unaharibika wakati tangsteni, chuma kinachoufunika, inayeyuka nyuzi 3,422 za Selsiasi, umeangalia namba moja tu. Mi kwenye masters nilikuwa maabara moja huko Ulaya, kazi yangu ni hivyo vipande vya tangsteni, navikata, naving'arisha mpaka najiona sura, vinapigwa plazma (ile gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme inayokuwa ndani ya mtambo), vikitoka naviweka kwenye hadubini ya elektroni. Kuyeyuka nilikuona kwa nadra sana.

Shida kubwa ni nyufa. Tangsteni ya baridi ni kama sahani ya udongo, idondoshe sakafuni uone, inaanza kunyumbuka ikishapata moto wa nyuzi mia kadhaa. Sasa plazma nayo inarusha mapigo ya joto kutoka ukingoni mwake, yanaitwa ELM, kila moja milisekunde moja au pungufu, ngozi ya juu inapanda moto ghafla inataka kutanuka ila chuma cha chini bado kimepoa kimeishikilia, inabanwa, ikipoa inavutwa, rudia hivyo mara maelfu na lazima ipasuke. Na ikikaa muda juu ya 1,300 hivi punje za ndani (vijifuwele vinavyounda chuma) zinakua, chuma kinapoteza nguvu, ufa unapita kwenye mipaka ya punje bila kizuizi.

Halafu kuna heliamu. Hii huwezi kuikwepa maana ndo jivu la fyusheni yenyewe. Uso ukiwa na moto wa kutosha, tuseme nyuzi 900, heliamu inaingia inatengeneza vipovu chini ya ngozi, chuma kinaota nyuzinyuzi nyembamba za makumi ya nanomita. Kipande kilichoingia kinang'aa kinatoka cheusi tii, na ukikigusa na glavu weusi unabaki kwenye kidole!! Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu wa mashine.

Kuyeyuka kupo ila ni kwenye kingo. Pale JET, mtambo wa majaribio ya fyusheni huko Culham Uingereza, mwaka 2013 waliacha makusudi ukingo wa kipande kimoja umejitokeza, ELM zikauyeyusha na uji wa chuma ukasukumwa pembeni na nguvu za sumaku. Beriliamu, chuma kingine cha ukutani, ndo hoi zaidi, inayeyuka 1,287 tu, vigae vyake hapohapo JET viliunguzwa na elektroni zilizochoropoka kwenye plazma kwa kasi kubwa. ITER, mtambo mkubwa wa kimataifa unaojengwa Ufaransa, nao 2023 wakaamua kuachana nayo waweke tangsteni ukuta mzima, ingawa hapo wamejiongezea kazi maana atomu za tangsteni zikiingia katikati ya plazma zinaipoozesha vibaya.

Na yule aliyesema si waongeze unene tu: hapana bosi. Maji ya kupooza yanapita kwenye bomba ndani ya kigae, na sehemu ya chini ya ITER inatakiwa ihimili megawati 10 kwa kila mita mraba, ukiongeza unene unaweka uso mbali na maji, unazidi kupata moto. Ndo maana juu ya bomba wanaacha milimita chache tu.