Dakika 20 hazimtoshi

SWALI: Nina mbwa aina ya Border Collie wa miaka 2. Kila asubuhi namtembeza dakika 20, lakini nikirudi kutoka kazini nakuta ametafuna viatu na kufukua bustani. Je, nimkimbize zaidi? Magoti yangu yananisumbua.

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Mbwa wa aina hiyo amezalishwa kwa vizazi vingi ili achunge kondoo. Kwake dakika 20 ni kunyoosha miguu tu. Nilifuga mmoja kwa miaka 11, na kosa langu la mwanzo lilikuwa hilo hilo unalolifikiria: nilimkimbiza. Akazidi kuwa na pumzi, utundu ukabaki pale pale.

Kilichomtuliza ni pua yake. Asubuhi nilimfunga kamba ya mita 5, nikamfuata taratibu anuse kila kichaka alichokitaka, dakika 40 hivi. Jioni nilitawanya chakula chake nyasini akitafute mwenyewe, punje kwa punje. Robo saa ya kunusa ilimchosha kuliko mbio ndefu, akalala fofofo. Magoti yako yatavumilia hayo.

Mpira mrushie, ila si mfululizo, maana kukata kona ghafla huumiza viungo. Na tafadhali, jua likiwaka, weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua, msubiri jioni. Akishatoka kula, muache apumzike kwanza.