Msimu wa Matamasha Maktabani: Anza na Chumba, Wanamuziki Watafuata

Maktaba ya umma ikiamua kuandaa msimu wa matamasha ya muziki wa klasiki na jazi, jambo la kwanza ambalo kamati hulikimbilia ni orodha ya wanamuziki. Nimeratibu misimu kadhaa ya aina hiyo nikiwa mkutubi, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kuiweka orodha hiyo kando hadi chumba kitakapokaguliwa na mtu mwenye masikio makini. Maktaba ilijengwa kwa ajili ya kusoma, na uamuzi wowote wa maana katika kazi hii hutokana na kuukubali ukweli huo badala ya kujaribu kuigeuza maktaba kuwa ukumbi wa muziki kwa saa mbili.

Nenda chumbani saa ileile ambayo tamasha litafanyika, kaa katikati bila kuzungumza, na uandike kila unachokisikia. Chumba tunachokisifu kwa utulivu wake kina sauti nyingi ambazo wasomaji wamezizoea hata hawazisikii tena: mvumo wa kiyoyozi, feni za kompyuta zilizoachwa zikiwaka, mlango unaojifunga kwa kishindo, kisanduku cha kurudishia vitabu kinachogonga kila kitabu kinapotumbukia. Msomaji hasumbuliwi na mambo hayo, lakini mpiga fidla anayemalizia sehemu ya polepole kwa sauti hafifu kabisa hushindana na kiyoyozi na kiyoyozi hushinda. Dawa yake si ngumu: chumba kipoozwe mapema, kiyoyozi kizimwe dakika chache kabla ya kuanza, kisanduku kifungwe, na mlangoni awepo mtu wa kuushika mlango. Kinachosumbua ni kumjua mwenye ufunguo wa swichi, kwani katika majengo ya umma kumpata mtu huyo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kumpata mpiga piano.

Baada ya hapo piga kofi moja la nguvu na usikilize jinsi sauti inavyokufa. Zulia na rafu zilizojaa vitabu hunyonya sauti, hasa zile nyembamba za juu, ndiyo maana chumba cha kusomea mara nyingi hakina mwangwi wa kutosha, na sauti hukatika mara tu mpigaji anapoacha kupiga. Hali hiyo huwasumbua wapiga nyuzi, kwa kuwa mwangwi huwasaidia kuziunganisha nota, lakini huifaa jazi, kwa sababu besi na ngoma husikika bayana badala ya kumezana. Njia rahisi ya kuwasaidia wapiga nyuzi ni kuwaketisha mbele ya ukuta mgumu, wa mbao au wa plasta, ili sauti yao irudishwe kwa wasikilizaji. Wapigapicha watakuomba uwaketishe mbele ya rafu za vitabu kwa sababu zinapendeza pichani. Kataa kwa upole.

Chumba kikishajulikana, muziki unaofaa hujichagua wenyewe. Muziki wa vikundi vidogo haukuanzia katika kumbi kubwa. Kazi nyingi za wapiga nyuzi wanne, yaani fidla mbili, viola na chelo, ziliandikwa kwa ajili ya vyumba vya majumba na nyumba za watu, na mtu aliyeketi mita tatu kutoka kwa mpiga chelo husikia pumzi yake kabla ya kila kifungu cha muziki, jambo ambalo mwenye tiketi ya ghorofa ya tatu katika ukumbi mkubwa hawezi kulisikia. Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington ililitambua hilo mapema. Mwaka 1925 ilifungua ukumbi wa watu wapatao 500, uliojengwa kwa fedha alizozitoa Elizabeth Sprague Coolidge mahususi kwa muziki wa vikundi vidogo, na katika miaka ya 1930 Gertrude Clarke Whittall akaipa maktaba hiyo ala zilizotengenezwa na Antonio Stradivari, ambazo Budapest Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne, lilizipiga humo kwa miaka mingi. Ni humo pia ambamo tarehe 30 Oktoba 1944 mcheza dansi Martha Graham alicheza kwa mara ya kwanza dansi yake "Appalachian Spring". Muziki wa dansi hiyo, uliotungwa na Aaron Copland, uliandikwa kwa wapigaji 13 tu, kwa kuwa ukumbi haukuwa na nafasi ya okestra kamili, na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Pulitzer. Wajumbe wa kamati wanapolalamika kwamba chumba ni kidogo, mimi huwasimulia habari hiyo.

Jazi inahitaji uangalifu zaidi, na sababu kubwa ni ngoma. Mpiga ngoma anayetumia vijiti katika chumba chenye dari fupi huwafunika wenzake wote, kisha mpiga piano huomba kipaza sauti, mpiga besi huongeza sauti ya spika yake, na kufikia wimbo wa tatu wazee walioketi mbele wameshahamia nyuma. Mwombe mpiga ngoma alete seti ndogo na brashi za nyaya. Mwenye ujuzi hatakasirika, kwa kuwa kupiga kwa brashi ni ufundi unaoheshimika. Au chagua kundi lisilo na ngoma kabisa. Nat King Cole, kabla dunia haijamjua kama mwimbaji, aliongoza tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 kundi la piano, gitaa na besi pekee, na mdundo wake haukupungukiwa na kitu. Modern Jazz Quartet, lililoanzishwa mwaka 1952, lilikuwa na ngoma pamoja na vibrafoni (ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa), piano na besi, lakini lilipiga kwa unyenyekevu wa sauti na kwa mpangilio uliomdhihirisha mpiga piano wake, John Lewis, kama mpenzi wa Bach. Ukitaka kumwonyesha mwanamuziki ni jazi ya namna gani unayoitaka, mtajie mifano hiyo na atakuelewa papo hapo. Bendi kubwa yenye safu za tarumbeta na saksafoni iachie uwanja au ukumbi wa mji.

Kuhusu mpangilio wa msimu, nina msimamo ambao si kila mwenzangu anaukubali. Sipendi msimu uliogawanywa nusu kwa nusu, klasiki miezi ya mwanzo na jazi miezi ya mwisho, kwa sababu unawapa wasikilizaji wa upande mmoja ruhusa ya kutokuja hadi "zamu yao" ifike. Zipishane mwezi kwa mwezi, na katikati liwepo tamasha moja linaloziunganisha kwa haki. Vya kuunganishia havikosekani. Mpiga klarineti Benny Goodman alipiga jazi na bendi yake katika ukumbi wa Carnegie Hall tarehe 16 Januari 1938, na mwaka huohuo akarekodi kazi ya Mozart ya klarineti na nyuzi pamoja na Budapest Quartet, tena mtunzi Béla Bartók akamwandikia "Contrasts", kazi ya fidla, klarineti na piano. Mtunzi Maurice Ravel naye aliipa sehemu ya pili ya sonata yake ya fidla na piano, aliyoikamilisha mwaka 1927, jina la "Blues". Mpiga klarineti mmoja na mpiga piano mzuri wanaweza kuijaza saa nzima kwa mambo ya aina hii, na msikilizaji akatoka akiwa ameuona mwenyewe mpaka kati ya klasiki na jazi badala ya kuhubiriwa kwamba haupo. Ninachokishauri kiepukwe ni usiku wa nyimbo mashuhuri za klasiki zilizowekewa mdundo wa jazi ili zivutie watu. Wapenzi wa pande zote mbili huondoka na njaa.

Chagua siku moja na saa moja kwa msimu mzima, kwa mfano Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na usiihamishe hata mwanamuziki maarufu akikuomba. Wasikilizaji wa maktaba huja kwa mazoea kuliko kwa matangazo. Tamasha liwe la saa moja bila mapumziko.

Sasa nije kwenye piano, ambayo imewanyima usingizi waandaaji wengi kuliko mambo mengine yote kwa pamoja. Piano ya mkia, yaani ile inayolala, ya ukubwa wa kati hukaribia kilo 300, kwa hiyo pima milango, uliza uwezo wa lifti, na mwulize mhandisi wa jengo kuhusu sakafu kabla ya kusaini chochote. Ina nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa juu ya ubao mwembamba, na ubao huo huvimba na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Piano iliyolinganishwa sauti dukani na kusafirishwa siku hiyohiyo itafika ikiwa imeanza kupotoka. Iache ikae chumbani siku kadhaa izoee hewa ya pale, mbali na dirisha lenye jua na mbali na mdomo wa kiyoyozi, kisha fundi aje asubuhi ya tamasha kuilinganisha. Fundi huyo anahitaji ukimya kamili, kwa hiyo aje kabla ya watu kuanza kuburuta viti. Mwambie mapema kama kutakuwa na ala za kupulizwa na kiwango cha sauti kitakachotumika, ambacho kwa kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde kwa nota ya A, kwa sababu mpiga klarineti hana uwezo mkubwa wa kuifuata piano iliyoshuka. Ikiwa maktaba haina piano nzuri wala fedha za kuikodi, panga msimu usio na piano: nyuzi, gitaa, ala za kupulizwa. Kinanda cha umeme kinaweza kupita katika jazi mpigaji akikubali. Kumwomba mtu akitumie kupiga kazi za mtunzi Schubert ni kumwonea yeye na Schubert.

Kuna vitu vidogo ambavyo mwanamuziki hatavitaja kwenye barua lakini atavihitaji akifika. Chelo husimama kwa mwiba wa chuma uliotokeza chini yake, nao huteleza juu ya vigae na hutoboa sakafu ya mbao. Weka ubao mdogo wenye mkanda unaofungwa kwenye mguu wa kiti cha mpigaji, na chelo itatulia bila kuiumiza sakafu. Viti vya wapiga nyuzi visiwe na mikono, kwa sababu kiwiko cha mkono unaovuta upinde hukigonga kiti. Taa za maktaba humulika meza kutoka juu na huweza kuuacha ukurasa wa nota ulioinamishwa ukiwa na kivuli, kwa hiyo tafuta taa ndogo za kubana kwenye vishikio vya nota na uzijaribu usiku. Mgeuzaji kurasa wa mpiga piano atafutwe mapema, awe anayesoma nota, na avae nguo isiyo na mikono mipana inayoning'inia mbele ya macho ya mpigaji.

Suala la haki za watunzi lisiachwe kwa sababu tu kiingilio ni bure. Katika nchi nyingi kupiga muziki hadharani kunahitaji kibali hata kama hakuna anayelipa. Bach aliyefariki mwaka 1750, Mozart aliyefariki 1791 na Schubert aliyefariki 1828 wako nje ya ulinzi huo, ingawa mpangilio mpya wa kazi zao unaweza kuwa na mwenyewe. Kwenye jazi mambo ni tofauti: mpiga piano na mtunzi Thelonious Monk alifariki mwaka 1982, na Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa kuhusu haki za watunzi, unaweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, huku nchi nyingi zikiwa na miaka 70. Wapigaji wa jazi huchagua nyimbo wakiwa jukwaani, basi waombe orodha ya walichokipiga kabla hawajafunga ala zao na uipeleke kwa chama kinachokusanya mirabaha. Ruhusa ya kurekodi iombwe peke yake, kwa maandishi.

Msikilizaji mgeni huogopa kupiga makofi mahali pasipofaa, na hofu hiyo humzuia kurudi. Maneno machache ya utangulizi yanatosha: mwambie kwamba kazi atakayoisikia ina sehemu nne na kwamba wapigaji wenyewe husubiri makofi mwishoni; kwamba kwenye jazi wimbo mara nyingi ni kifungu cha vipimo 32, yaani makundi mafupi ya mapigo, kinachorudiwa, ambacho kila mpigaji hubuni juu yake kwa zamu, na makofi baada ya zamu yake ni ya kawaida. Anayepiga makofi kati ya sehemu asitazamwe vibaya. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mnamo Julai 1778 akifurahia jinsi watu walivyopiga makofi katikati kabisa ya sehemu ya kwanza ya simfonia yake, kwa hiyo kanuni ya ukimya tunayoilinda kwa ukali si ya kale kama tunavyodhani.

Dawati la kuazimisha libaki wazi kwa nusu saa baada ya tamasha, na meza ya vitabu, nota na rekodi zinazohusiana na muziki wa siku hiyo iwekwe karibu na mlango wa kutokea, maana wanaoingia hutafuta viti na wanaotoka ndio wenye hamu. Wasomaji wa kila siku waarifiwe mapema na wapewe chumba kingine cha kusomea, bila kuonyeshwa kwamba ni kero.

La mwisho ni malipo. Kiingilio kikiwa bure kwa wasikilizaji, bado wanamuziki ni watu walio kazini, na ahadi ya kwamba "watajitangaza" isiandikwe kwenye barua ya mwaliko. Ni afadhali matamasha manne yanayolipwa kuliko manane ya kuombana. Mkataba uwe wa ukurasa mmoja: kiasi na siku ya kulipwa, saa ya kufika na ya kujaribu ala, nani analipia piano na fundi wake, itakuwaje tamasha likiahirishwa, na jina la mtumishi atakayekuwepo kumfungulia mpiga besi mlango wa nyuma, kwa sababu besi haipiti kwenye mlango wa kuzunguka.