Ukipigwa full, usijibu kwa full

Wadogo zangu wa njia ya Chalinze mpaka Tunduma, tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, barabara ina madereva wengi wageni wa giza. Kila nikipita Mikumi usiku nakuta ugomvi uleule: mmoja kachelewa kudimu, yaani kushusha taa, mwenzake anamjibu kwa full, zile taa kali za mbali, wanapishana wote hawaoni. Nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha.

1. Jicho halirudi haraka. Kuzoea giza sawasawa huchukua kama nusu saa, na taa kali inaharibu mazoea hayo mara moja. Mkishapishana, unabaki sekunde kadhaa huoni kitu. Ukiwa kwenye 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde tano ni mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, na muda wote huo umeshika usukani tu. Sisi wenye umri mkubwa macho hukawia zaidi. Basi punguza mwendo kabla ya kukutana, maana baada ya hapo umeshachelewa.

2. Usiziangalie taa zake. Shika mstari mweupe wa kushoto kwa macho, kwa sababu mikono hufuata macho.

3. Usijibu. Hapa nitakaa kidogo.

Kijana mmoja wa yadi yetu, mpole, asiyegusa pombe, alikuwa anashuka na semi kutoka Iringa. Alipopita Ruaha Mbuyuni, basi likamjia na full. Akalikonyeza mara moja, likagoma. Akalikonyeza tena. Kisha akawasha full na spotilaiti zote za juu ya kabini, akaziacha zimuwakie mwenzake usoni. Sasa jiulizeni: ukimpofusha dereva wa basi lililojaa abiria, atakuja upande wa nani?

Walipishana salama. Lakini mbele, upande wake mwenyewe, kulikuwa na Fuso bovu halina taa wala rifleta, matawi yametandazwa nyuma yake kama tulivyozoea. Majani mabichi hayarudishi mwanga. Kijana aliniambia akiwa wodini kwamba aliyasikia matawi yakisagika chini ya tairi kabla macho hayajaona chochote. Akakanyaga breki, tela likamsukuma, upande wa utingo ukaingia kwenye bodi la Fuso. Utingo alikuwa amelala. Alipoteza mguu, na ana watoto wadogo.

Kijana alikuwa anarudia jambo moja tu: "Kaka, lilikuwa halipo."

Mimi namwamini. Mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika humo ndani na kufunika kila kitu kwa weupe, na kinachomezwa kwanza ni kile kisichong'aa: mtu mwenye nguo nyeusi, ng'ombe, Fuso lenye vumbi. Kipo mbele yako na utaapa hakipo. Ndiyo maana sikubali dereva akisema "nilikuwa namfundisha adabu". Asiyedimu mwachie barabara. Wewe dimu, ondoa mguu kwenye mafuta, baki kushoto.

4. Futa kioo cha mbele kwa ndani pia. Ule utando wa vumbi na moshi hauonekani mchana, ila taa zikikupiga kioo chote kinageuka cheupe. Kioo kilichochubuliwa na mchanga kinafanya vilevile, na hicho hakifutiki, mwambie bosi abadilishe.

5. Ukiona taa moja inakuja, usiamue kuwa ni bodaboda. Inaweza kuwa lori lililounguza balbu ya kulia, na ubavu wake uko katikati ya barabara.

6. Miwani ya njano mnayouziwa stendi inapunguza mwanga wote, hata ule mdogo unaouhitaji kumwona mtembea kwa miguu. Vueni.

7. Zikagueni taa zenu wenyewe. Balbu za LED mkizipachika kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni, mwanga unatapakaa hata mkidimu. Mzigo ukilemea nyuma, pua inanyanyuka na dimu yako inampiga mwenzako machoni. Na mnaovuka Rusumo kwenda Kigali, kule mnahamia kulia, wakati taa zetu zimeelekezwa kurefusha mwanga upande wa kushoto, ambako sasa ndiko wanakotokea wanaokuja. Fundi umeme azishushe kabla hamjafika mpakani.