Usiku nilipozisasisha seva 31 kwa amri moja

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Kaka, unatumia programu gani kusambaza matoleo mapya kwenye seva za wateja? Mimi nina wateja kumi na wawili na bado naingia seva moja moja." Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, kisha nikaifuta. Jina la programu ni sehemu ndogo kabisa ya jibu, na sehemu iliyobaki ni habari ambayo kwa miaka mitatu nimekuwa nikiikwepa.

Ninatengeneza mfumo wa ada na risiti kwa shule binafsi hapa Tanzania. Mfumo hufunguliwa kwenye kivinjari kama tovuti yoyote, lakini kila shule ina seva yake: nyingine ni za kukodi, nyingine ni kompyuta za kawaida zilizowekwa chini ya meza ya mhasibu, karibu na UPS ambayo betri yake imechoka. Wakuu wengi wa shule hawapendi hesabu zao zitoke nje ya geti, nami siwalaumu. Shule zilipokuwa nne nilizisasisha kwa mkono bila shida. Zilipofika 31, kila badiliko dogo lilinila jioni tatu, na bado ilibaki shule moja niliyoisahau, ambayo mhasibu wake alinipigia mwezi mmoja baadaye akilalamikia kosa nililokwisha kulisahihisha.

Ndipo nilipoandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe. Ilikuwa na mistari arobaini tu: iliingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali), ikavuta msimbo mpya kwa Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), ikaendesha mabadiliko ya hifadhidata, ikatoka na kwenda kwenye seva inayofuata. Mwaka mzima ilifanya kazi bila doa, na nakiri kwamba nilianza kuwahubiria wenzangu waliokuwa bado wanafanya kwa mkono. Kisha Jumapili moja ya Januari, mkesha wa kufungua shule, nikaitumia kusambaza toleo lililowezesha ada kulipwa kwa awamu nne badala ya mbili. Saa nne usiku nilibonyeza kitufe, nikaenda kulala.

Saa moja na robo asubuhi alinipigia mhasibu mmoja, mama wa umri wa mama yangu mzazi. "Mwanangu, nikibonyeza Hifadhi inaniandikia Kiingereza cha ajabu, na foleni ya wazazi imefika getini." Nilimwomba anisomee. Alinisomea herufi kwa herufi, pamoja na nukta na alama za mkato, huku nikisikia nyuma yake mzazi mmoja akiuliza kama risiti za kuandika kwa mkono bado zipo. Hifadhidata ilikuwa ikilalamika kwamba safu ya awamu, yaani sehemu ya jedwali ya kuandikia awamu, haipo. Kabla sijamaliza kumsikiliza, simu nyingine ilikuwa inasubiri.

Chanzo chenyewe kilinitia aibu kuliko kosa. Seva tatu zilikuwa zimejaa diski, na kilichozijaza ni nakala rudufu nilizozipangia mimi mwenyewe zitengenezwe kila usiku, bila kupanga za zamani zifutwe wala kuhamishiwa kwingine. Badiliko lililohitaji kunakili jedwali lote la malipo lilikosa nafasi, likafia njiani. Na katika MySQL, programu ya hifadhidata ninayoitumia, kila amri ya kubadili umbo la jedwali huthibitishwa papo hapo, kwa hiyo huwezi kufuta hatua zilizotangulia kwa sababu hatua ya nne imeshindikana. Seva hizo zikabaki na msimbo mpya juu ya hifadhidata iliyobadilika nusu. Skripti yangu haikuwa imefundishwa kusimama panapoharibika: iliandika kosa kwenye faili ambalo hakuna aliyelisoma, ikasonga mbele.

Seva ya nne ilikuwa na tatizo la kinyume. Kijana wa TEHAMA wa shule ile alikuwa amefungua faili la risiti na kuongeza kaulimbiu ya shule kwa mkono, kwa hiyo Git ilikataa kuandika juu ya mabadiliko yake. Msimbo ukabaki wa zamani, hifadhidata ikawa mpya. Shule tatu zilirudi kazini kabla ya saa sita mchana. Hiyo ya nne ilichukua siku mbili, na mwenye shule akaenda kuwaeleza wenzake kwamba mfumo wangu hujizima wenyewe. Kosa lilianzia mezani kwa mtu wake! Naandika hivi nikijua kwamba sistahili kujitetea, maana mfumo unaovunjwa na kaulimbiu ya shule haujajengwa sawasawa.

Baadaye nilisoma habari za Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani ambayo tarehe 1 Agosti 2012 ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa muda wa dakika 45 hivi, kwa sababu msimbo mpya ulifika kwenye seva saba kati ya nane. Haikunifariji, lakini ilinifundisha kwamba seva moja iliyoachwa nyuma yaweza kuwa na hatari kuliko zote zilizosasishwa.

Sasa nalijibu swali. Ansible, programu ya kutuma amri kwa seva nyingi kwa pamoja, inafaa, hasa kama seva zote ni za kukodi na unaweza kuzifikia wakati wowote. Kwa kompyuta za chini ya meza, ambazo hazina anwani ya umma na huzimwa umeme ukikatika, nimeona ni afadhali seva yenyewe ije kuchukua. Kila usiku, kati ya saa nane na saa kumi, kila seva huuliza seva yangu kama kuna toleo jipya. Ikikuta lipo, hupakua kifurushi, huhakiki saini yake ya kidijitali (alama inayothibitisha kwamba kimetoka kwangu na hakijabadilishwa), hupima kama nafasi ya diski inatosha, hutengeneza nakala rudufu na kuituma nje ya mashine ile. Toleo jipya hufunguliwa kwenye folda yake, pembeni ya la zamani. Mfumo hujaribu kutoa risiti moja ya bandia, na ikitoka ndipo kiungo kinachouonyesha mfumo folda ya kutumia huhamishwa kutoka folda ya zamani kwenda mpya. Isipotoka, toleo la zamani huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, nami napata ujumbe. Kaulimbiu na nembo za shule hukaa kwenye faili la mipangilio ambalo sasisho haliligusi.

Haya yote hayana maana kama hifadhidata hairuhusu kurudi nyuma. Ongeza safu katika toleo hili, anza kuitumia, na ile ya zamani uiondoe matoleo mawili mbele, ili msimbo wa jana uweze kuishi juu ya hifadhidata ya leo. Vijana wengi hawapendi kungoja hivyo. Nami sikupenda.

Wala usizifikie seva zote siku moja. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, viwanja vya ndege vikakwama, kwa kuwa lilipelekwa kwa wote bila kuonjeshwa kwa wachache kwanza. Mimi huanza na shule mbili zilizokubali kwa maandishi kuwa za kwanza, nangoja siku tatu, kisha shule kumi, kisha zilizobaki, na wiki za kufungua shule sigusi kitu. Hata saini usiiamini kupita kiasi: masasisho yenye msimbo wa wavamizi ya SolarWinds, kampuni ya Marekani ya programu za kusimamia mitandao, yaliyogunduliwa mwaka 2020 yalikuwa na saini halali, kwa kuwa wavamizi hao walikuwa wameingia mahali programu inapotengenezwa. Ufunguo wangu wa kutia saini haukai kwenye kompyuta ninayofungulia barua pepe.

Alhamisi iliyopita toleo jipya liliingia kwenye seva 29 nikiwa harusini, na asubuhi hakuna mhasibu aliyenipigia. Ya thelathini ilikuwa imezimwa kwa kukosa umeme, ilijisasisha Jumamosi.

Ya 31 ni ya shule ile ya kaulimbiu, ambayo baadaye iliuacha mfumo wangu. Wanatumia mfumo mwingine sasa, lakini nadhani wameiacha kompyuta ile ikiwaka kwa ajili ya kumbukumbu za zamani, na hakuna aliyekumbuka kuondoa ratiba niliyoiweka. Kila usiku, saa nane na dakika kumi na saba, inaiuliza seva yangu kama kuna toleo jipya, na seva yangu inaijibu kwamba hakuna.