Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Ndama Ana Chanjo ya Brusela na Mchungaji Hana?

SWALI: Nafuga ng'ombe wapatao 40 na mbuzi kiasi wilayani Longido. Mwaka jana ng'ombe wangu watatu walitupa mimba za miezi saba, na kijana wangu ndiye aliyeondoa makondo ya nyuma kwa mikono yake. Baada ya wiki kadhaa alianza kupata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno. Alitibiwa malaria mara mbili bila nafuu, hadi kipimo cha damu kilipoonyesha brusela. Sasa afisa mifugo ananishauri nichanje ndama majike. Kama chanjo ya ng'ombe ipo miaka yote hii, kwa nini hakuna ya watu? Je, hiyo ya ng'ombe haiwezi kumfaa mtu kwa kipimo kidogo? (Mfugaji, Longido)

JIBU: Mpe pole kijana. Nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa ndiyo yenye hatari: mtu yeyote asidungwe chanjo ya ng'ombe, hata tone moja. Chanjo inayotumika sana kwa ndama, iitwayo S19, ina bakteria hai wa brusela waliodhoofika, na dozi moja kamili ya ndama hubeba kati ya bilioni 50 na bilioni 80 ya bakteria hao. Ng'ombe huwavumilia, lakini binadamu huweza kuugua. Wamekuwapo wataalamu wa mifugo waliopata homa kama ya mwanao kwa sababu tu ndama alirusha teke wakati wa kuchanjwa na sindano ikaishia kwenye kidole cha mchanjaji.

Udhaifu wa S19, nao, haukupangwa na mtu. Mwaka 1923, nchini Marekani, mtafiti John Buck aliwapata bakteria hao katika maziwa ya ng'ombe wa aina ya Jersey. Walikaa maabara kwa muda mrefu katika joto la kawaida la chumba, na walipochunguzwa tena ikaonekana kwamba wamepoteza sehemu kubwa ya ukali wao. Takriban miaka 100 baadaye bado tunategemea bahati hiyo, jambo linaloonyesha ugumu wa kazi yenyewe.

Ugumu unatokana na mahali bakteria huyu anapojificha. Vijidudu vingi mwili huvidhibiti kwa kingamwili, yaani protini zinazozunguka katika damu na kumnasa adui akiwa bado yuko nje ya seli. Brusela hakai huko nje. Akimezwa na chembe nyeupe ambayo kazi yake ni kumeza na kuyeyusha vijidudu, huizuia isimyeyushe, kisha huzaliana humo humo ndani, na chembe hiyo humsafirisha hadi kwenye bandama, ini, uboho na viungo. Ni kama askari aliyetumwa kumkamata mwizi akaishia kumpa chumba cha kulala. Ndiyo maana tiba ya mwanao huchukua wiki sita za doksisaiklini pamoja na vidonge vya rifampisini au dawa ya sindano, na ndiyo maana anayeacha vidonge wiki ya pili kwa kuwa homa imeshuka huugua tena.

Kwa mtengenezaji wa chanjo, maana yake ni kwamba kuamsha kingamwili peke yake hakutoshi, bali ni lazima chembe zenyewe zifunzwe kumuua mgeni aliyekwisha kuingia ndani. Bakteria waliouawa huliamsha somo hilo kwa unyonge, na hadi leo waliolifundisha vizuri zaidi ni bakteria walio hai. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu bakteria hai mwenye nguvu ya kutosha kuleta kinga imara kwa binadamu ana nguvu ya kutosha kumwangusha kitandani, na aliyedhoofishwa kupita kiasi hufa mapema kabla mwili haujajifunza lolote.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Muungano wa Kisovyeti uliwachanja watu waliofanya kazi na mifugo kwa bakteria hai wa aina ya 19-BA, na China ilitumia aina yake iitwayo 104M. Kinga iliyopatikana haikudumu, na waliochanjwa kwa kurudiwa, au waliokuwa wamewahi kuambukizwa bila kujua, walipata athari kali za mwili kukataa chanjo. Fikiria mchungaji wa Longido aliyekunywa maziwa mabichi tangu utotoni: huyo ndiye anayeihitaji chanjo hiyo kuliko wote, na ndiye ambaye ingemdhuru zaidi. Naongeza sababu moja isiyosemwa sana, nayo ni kwamba wanaougua brusela wengi ni wafugaji wa nchi zisizo na fedha, na kampuni za dawa hazikimbilii soko la namna hiyo.

Kuna na sababu ya matumaini kidogo. Binadamu mara chache sana humwambukiza binadamu mwenzake brusela. Karibu kila mgonjwa ameupata ugonjwa kwa mnyama. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliwaona bakteria hawa katika bandama za askari waliokufa kisiwani Malta. Ilichukua hadi mwaka 1905 kwa Mmalta Themistocles Zammit kugundua kwamba mbuzi wa kisiwani, walioonekana wazima kabisa, ndio waliokuwa wakiwatoa bakteria hao katika maziwa. Mwaka uliofuata askari waliacha kunywa maziwa hayo, na homa ikashuka ghafla kambini pasipo mtu hata mmoja kuchanjwa. Kwa hiyo afisa mifugo wako anapokuambia uchanje ndama, chanjo ya mwanao ndiyo hiyo anayokupa, ila inapita kwa ng'ombe.

Kuhusu mwanao kutibiwa malaria kwanza, hayuko peke yake. Uchunguzi wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi kati ya 2007 na 2008 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria, lakini waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6 tu, na miongoni mwa homa zilizobaki yalikuwamo magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwa mojawapo. Ukimpeleka mgonjwa mwenye homa isiyoisha, mweleze mganga bila kuulizwa kwamba mnafuga na kwamba kuna ng'ombe waliotupa mimba.

SWALI: Nasomea stashahada ya afya ya mifugo mkoani Morogoro. Tumefundishwa kwamba S19 hupewa ndama majike pekee, wakiwa bado wadogo. Kwa nini isitolewe kwa ng'ombe wakubwa na madume? Na kama inafanya kazi, kwa nini watafiti bado wanahangaika kutafuta nyingine? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ng'ombe mwenye mimba akipewa dozi kamili anaweza kuitupa mimba ile ile unayotaka kuiokoa, na dume anaweza kuvimba mapumbu. Sababu nyingine ni ya kipimo. Ganda la nje la bakteria wa S19 lina minyororo ya sukari sawa na ya bakteria wa ugonjwa, na kingamwili tunazozitafuta katika damu ni za minyororo hiyo hiyo. Ukimchanja ng'ombe mkubwa, kipimo kinaweza kusema ni mgonjwa kwa muda mrefu, nawe hutajua umchinje au umwache. Ndama akichanjwa kati ya miezi mitatu na sita, kingamwili hizo kwa kawaida hupungua kabla hajafikia umri wa kupimwa, ilhali kinga hubaki.

Wamarekani walijaribu kukikata kifundo hicho kwa chanjo iitwayo RB51, iliyoanza kutumika kwao rasmi mwaka 1996. Bakteria wake hawana minyororo hiyo ya sukari, kwa hiyo hawachanganyi vipimo. Lakini walipatikana kwa kuoteshwa mara nyingi katika rifampisini hadi wakaizoea, na sasa hawaiogopi dawa hiyo, ambayo ni mojawapo ya dawa kuu za kumtibu binadamu. Rev.1, chanjo bora tuliyonayo kwa mbuzi na kondoo, ina kasoro ya jamii hiyo hiyo kwa streptomaisini, dawa nyingine ya kumtibu binadamu, na mbuzi mwenye mimba akidungwa huweza kutupa. Kila chanjo imetatua tatizo moja na kuzua jingine.

Ndiyo maana utafiti wa sasa umehamia kwenye kuondoa jeni mahususi za bakteria, ili adhoofike kwa njia inayojulikana badala ya ile ya bahati ya mwaka 1923. Mwaka 2016 ilitangazwa zawadi ya dola milioni 30 kwa watakaotengeneza chanjo bora ya mbuzi na kondoo dhidi ya Brucella melitensis, aina inayowaumiza watu zaidi. Nionavyo mimi, sharti la chanjo kuwa salama kwa mnyama mwenye mimba ndilo litakalobadilisha maisha ya mfugaji kuliko yote, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama mbele ya mbuzi 200 wa malishoni akawachambua wenye mimba na wasio nayo.

Kwa kuwa utaishika sindano hiyo, vaa glavu na miwani. Ukijichoma, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali na kichupa chenyewe mkononi. Daktari akijua ni RB51 hatakupa rifampisini, wala hatategemea kipimo cha kawaida cha damu, ambacho hakiioni. Dawa za kinga humezwa kwa siku 21.

SWALI: Ng'ombe wangu wote sita wamechanjwa. Naweza kuwauzia wateja maziwa bila kuchemsha, na mtindi je? (Muuza maziwa, Tanga)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Chanjo hupunguza ugonjwa katika zizi lakini haimkingi kila ng'ombe, na mara chache bakteria wa chanjo yenyewe hutoka katika maziwa. Mwaka 2017 huko Marekani walipatikana wagonjwa wa RB51 ambao hawakuwahi kushika sindano ya mifugo; walikuwa wamekunywa maziwa mabichi. Kuganda kwa maziwa hakutoshi kuwaua bakteria hawa, kwa hiyo chemsha kwanza hadi yaumuke, yaache yapoe, ndipo utie kimea cha mtindi.