Kwa mnaoanza kuchunguza pairoptosisi: jueni kipimo chenu kinaona hatua ipi

Wengi wenu mnaoingia katika maabara zinazochunguza pairoptosisi, yaani kifo cha seli kinachochochea inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili), hukabidhiwa kwanza mchoro wenye mishale: bakteria, kipokezi, kaspasi (kimeng'enya kinachokata protini), tundu, kifo. Mchoro huo ni sahihi kwa kiasi kikubwa, lakini humfanya anayeanza aamini kwamba aliyepima hatua moja amezipima zote. Kwa hiyo ushauri ninaourudia kila anapokuja mwanafunzi mpya ni huu: kabla hujaandika katika daftari lako kwamba seli zimekufa kwa pairoptosisi, jiulize kipimo ulichotumia kimeona hatua gani hasa.

Katika makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, njia inayojulikana zaidi huanza na vipokezi vya ndani ya seli kama NLRP3, ambacho huamka hasa pale potasiamu inapotoka nje ya seli. Kipokezi hicho hukusanya protini ya ASC na kujenga inflamasomu, yaani mkusanyiko wa protini unaoamsha kaspasi, jina lililotolewa mwaka 2002 na kundi la Jürg Tschopp nchini Uswisi. Hapo kaspasi-1 huamshwa nayo ikafanya kazi mbili: hukata interlukini-1 beta changa, saitokini (protini ya kupashana habari) inayochochea inflamesheni, ili ikomae, na hukata gasdermini D, ambayo kipande chake cha mbele hujipachika kwenye utando wa seli kutoka ndani na, kikiungana na wenzake wapatao 30, huunda tundu lenye upana wa nanomita 20 hivi. Iko pia njia isiyohitaji kaspasi-1, ambamo kaspasi-4 na kaspasi-5 kwa binadamu, au kaspasi-11 kwa panya, hushikana moja kwa moja na lipopolisakaridi (molekuli ya ganda la nje la baadhi ya bakteria) iliyopenya ndani ya seli, kisha hukata gasdermini D ileile. Kazi hii ya gasdermini D ilitangazwa mwaka 2015 na makundi mawili, moja la Marekani na jingine la China.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba matundu yakishafunguka, maji huingia, seli huvimba, na utando hupasuka wenyewe. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba kupasuka huko kunaendeshwa na protini nyingine, NINJ1. Makrofaji za panya wasio na protini hiyo hutobolewa, hutoa interlukini-1 beta na hufa, lakini hubaki zimetuna bila kupasuka. Ugunduzi huu unawahusu sana ninyi mnaoanza, kwa sababu kipimo kinachopendwa kuliko vyote, kile cha laktati dehidrojenasi, yaani LDH, kinategemea kupasuka. LDH ni kimeng'enya kikubwa cha kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) zipatazo 140, na haitoki kwa wingi mpaka utando upasuke, ilhali interlukini-1 beta iliyokomaa, yenye kilodaltoni 17 tu, hupita tunduni.

Jaribio moja linatosha kulionyesha hili, na ningependa kila mgeni alifanye kwa mikono yake. Chukua makrofaji za panya, ziandae kwa lipopolisakaridi kwa saa tatu au nne, kisha uziongezee nigerisini, kemikali inayoitoa potasiamu nje ya seli, na katika nusu ya vishimo vya sahani yako utangulize glisini, asidi amino ndogo. Penye glisini LDH hushuka sana, na anayesoma namba hizo peke yake ataandika kwamba seli zimenusurika. Sasa ziangalie kwa darubini: propidiamu iodidi, ambayo ni rangi yenye molekuli ndogo isiyopenya utando mzima, imeshaingia na viini vinang'aa vyekundu, huku interlukini-1 beta ikiwa imejaa katika majimaji ya nje. Glisini imezuia NINJ1 isijikusanye; matundu ya gasdermini D yamefunguka kama kawaida. Namba ya LDH haikukosea chochote, ila ilijibu swali ambalo hukuliuliza.

Uangalifu huohuo unahitajika katika blotu ya protini, kipimo kinachozitenganisha protini kwa ukubwa wake. Gasdermini D nzima huonekana karibu na kilodaltoni 53, na kipande kinachotoboa utando huonekana karibu na 31. Ukiona mstari karibu na 43, usishangilie: hapo kaspasi-3, kimeng'enya cha apoptosisi (kifo cha seli cha kimyakimya, kisichochochea inflamesheni), imeikata protini mahali pengine na kukiharibu kipande kile cha kutoboa. Niliowaona wakiandika tu kwamba gasdermini D imekatwa, bila kutaja ukubwa wa kipande, wameniacha sijui kama seli zao zilitobolewa au zililindwa. Aneksini V, protini inayotumika kutia alama seli zinazokufa, nayo haitenganishi apoptosisi na pairoptosisi, kwa kuwa huingia pia kupitia utando uliotobolewa. Na dawa za kuzuia kaspasi zote kwa pamoja zitumieni kwa hadhari, maana zikizima kaspasi-8 zinaweza kuifungulia seli njia ya nekroptosisi, kifo kingine cha kupasuka kinachoendeshwa na protini za RIPK3 na MLKL.

Mnaposoma makala za zamani, angalieni tarehe. Mwaka 1992 kifo cha makrofaji zilizoshambuliwa na bakteria wa Shigella kiliitwa apoptosisi. Jina pairoptosisi lilipendekezwa mwaka 2001. Tena, mwaka 2011 ilibainika kwamba panya wa awali walioondolewa jeni ya kaspasi-1 walikuwa pia hawana kaspasi-11 inayofanya kazi, kwa hiyo baadhi ya mambo yaliyohesabiwa kuwa ya kaspasi-1, hasa katika mshtuko unaoletwa na lipopolisakaridi, yalikuwa ya kaspasi-11. Makala hizo bado zina thamani, lakini hitimisho lake lisinukuliwe kabla ya kujua ni panya gani waliotumika.

Utenganishaji huu wa hatua unagusa wagonjwa moja kwa moja. Watu waliorithi mabadiliko ya jeni ya NLRP3 yanayokifanya kipokezi hicho kiamke ovyo hupata homa, vipele na maumivu ya viungo, nao hupata nafuu kubwa kwa dawa zinazozuia interlukini-1, kama anakinra na canakinumab. Dawa hizo hukamata saitokini ikiwa imeshatoka. Hazizuii tundu wala kupasuka. Katika jaribio la CANTOS lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, canakinumab ilipunguza matukio mapya ya moyo na mishipa, lakini vifo vitokanavyo na maambukizi viliongezeka, jambo linaloonyesha kwamba mwili unaihitaji interlukini hiyo kujilinda. Dawa itakayozuia gasdermini D au NINJ1 itakuwa na faida na hatari tofauti, na hakuna atakayezipima ipasavyo kwa LDH peke yake. Basi katika mpango wa jaribio lenu la kwanza wekeni vipimo vitatu kutoka kishimo kilekile: kuingia kwa rangi, kutoka kwa interlukini-1 beta, na kutoka kwa LDH, vyote kwa nyakati zilezile.